Virusi katika figo iliyopandikizwa: Si UKIMWI, si kosa la mchangiaji, na dawa zisiachwe



Mwaka jana, baada ya swala ya Ijumaa pale Muleba mjini, mama mmoja mtu mzima alinisubiri nje ya msikiti akiwa na mjukuu wake. Baada ya salamu akaniambia: "Mwanangu, wewe umesoma madrasa na umesoma udaktari. Nina swali, na sitaki kulipeleka kwa mtu mwingine."

Mama huyu alimtolea mwanawe figo moja miaka miwili kabla. Kijana akapata nafuu, akarudi kwenye cherehani yake, akaoa. Sasa kliniki wamemwambia kwamba figo ile imeingiwa na virusi. Nyumbani pakawa hapakaliki. Mke amerudi kwao kwa kuogopa UKIMWI. Jirani amesema hayo ndiyo malipo ya watu kugawana viungo alivyoviumba Mwenyezi Mungu. Kijana mwenyewe ana siku 4 hajameza dawa, kwa kuwa amesikia kwamba dawa hizo ndizo zinazolea virusi. Mama akamaliza kwa swali moja: "Je, ni mimi niliyemuua mwanangu?"

Nimeomba ruhusa yao kuyaandika haya, na mambo mengine nimeyaficha ili wasijulikane. Nimeona niyaandike kwa sababu waliopandikizwa figo wanaongezeka katika mkoa wetu, nao wanaishi miongoni mwetu, wanaswali nasi na wanakula nasi. Zamani ilikuwa lazima mtu asafirishwe India pamoja na ndugu wa kumtolea figo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini ikisaidiana na madaktari kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Kwa hiyo elimu hii si ya madaktari peke yao. Ni ya baba, mama, mke, mume na jirani.

Niseme mapema kwamba mimi ni tabibu wa wilayani, si bingwa wa figo. Kazi yangu hapa ni kueleza. Uamuzi wa dawa na dozi ni wa kliniki ya figo inayomhudumia mgonjwa.

KINGA YA MWILI NA FIGO YA MWENZIO

Allah (s.w.) ameuwekea mwili wa mwanadamu askari wanaoulinda. Tunawaita kinga ya mwili. Kazi yao ni kutambua kila kilicho kigeni na kukipiga vita. Figo ya mama ni zawadi ya upendo, lakini kwa askari hawa ni kitu kigeni. Wakiachwa wafanye kazi yao kama kawaida, wataishambulia mpaka ife. Hali hiyo madaktari wanaiita mwili kuikataa figo.

Ndiyo maana kila aliyepandikizwa figo hupewa dawa za kushusha kinga ya mwili, nazo huzimeza maadamu figo ile inafanya kazi. Wengi hupewa tatu kwa pamoja: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Dawa hizi huwatuliza askari ili waiache figo mpya.

Lakini askari wakitulizwa, wezi nao hupata nafasi. Vijidudu ambavyo kwa mtu mwingine havina nguvu, kwa mgonjwa huyu huinua kichwa. Basi maisha ya aliyepandikizwa figo ni mizani. Kinga ikiwa juu mno, mwili utaikataa figo. Ikiwa chini mno, maradhi yataingia. Anayemsomea mizani hiyo ni daktari kwa kutumia vipimo, si jirani wala mwenye duka la dawa.

VIRUSI VYA BK NI NINI?

Virusi alivyoambiwa kijana wa Muleba vinaitwa virusi vya BK. Jina hilo lina historia. Mwaka 1971 jijini London, mtaalamu wa virusi Sylvia Gardner na wenzake waliviona kwa mara ya kwanza katika mkojo wa mgonjwa aliyekuwa amepandikizwa figo, ambaye mrija wake wa kupitisha mkojo ulikuwa umeziba. Mgonjwa huyo alikuwa mtu wa Sudan, na herufi za mwanzo za majina yake zilikuwa B na K. Virusi vikabaki na jina lake mpaka leo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: virusi vya BK karibu kila mtu anavyo. Tunaviambukizwa utotoni, aghalabu bila kuumwa au kwa mafua madogo tu ambayo mzazi hayakumbuki. Katika nchi nyingi zilizopima, watu wazima 8 hadi 9 katika kila 10 wameonekana kuwa na alama ya kuwahi kuambukizwa. Baada ya hapo virusi hujificha katika figo na njia za mkojo, na hulala humo umri wote. Mimi ninayeandika na wewe unayesoma, huenda tunavyo sasa hivi. Askari wetu wanavilinda visiamke, nasi tunaishi na kuzeeka bila kujua.

Kwa aliyepandikizwa figo, askari wametulizwa. Virusi vikiamka hupitia hatua tatu. Kwanza vinaonekana katika mkojo, na hilo huwatokea wapokeaji 30 au zaidi katika kila 100. Baada ya wiki kadhaa, kwa baadhi yao, takriban 10 hadi 20 katika 100, vinaonekana katika damu. Hatua ya tatu ni kuumia kwa figo yenyewe, na hii huwapata kati ya 1 na 10 katika kila wapokeaji 100. Mara nyingi hutokea katika miaka 2 ya mwanzo baada ya upandikizaji.

Utaona basi kwamba wengi ambao virusi vimeonekana katika mkojo wao hawafiki hatua ya tatu. Lakini wanaofika huko bila kugundulika mapema wako hatarini kuipoteza figo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya upimaji wa mara kwa mara kuenea, katika hospitali nyingi duniani nusu au zaidi ya figo zilizofikia hatua hiyo zilipotea, na wenyewe wakarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

HII SI UKIMWI

Sisi watu wa Kagera tukisikia neno "virusi" moyo hushituka, na hatulaumiwi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa hapa Kagera, na hakuna ukoo ambao haukuzika. Mwaka 2023 tukapata Marburg katika wilaya ya Bukoba Vijijini, na mwaka 2025 ikaja tena upande wa Biharamulo. Tumefundishwa na misiba kuogopa virusi.

Lakini virusi ni jina la jumla, kama tunavyosema "wadudu". Nyuki ni mdudu na sisimizi ni mdudu, na hakuna anayewachanganya. Virusi vya BK havina uhusiano na virusi vya UKIMWI. Hakuna sababu ya mume na mke kutengana kwa ajili yake. Hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani, kikombe wala kitanda. Mwenye kinga kamili hadhuriki kwa kukaa naye, na yamkini virusi hivyo alikuwa navyo tangu akiwa mtoto.

Aidha, kabla ya upandikizaji wote wawili, mtoaji na mpokeaji, hupimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mama aliyekubaliwa kutoa figo amepita katika vipimo hivyo. Anayevumisha kwamba mama alimpa mwanawe UKIMWI anasema asilolijua, nasi tunajua uzito wa kumsingizia Muislamu.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Hatari kubwa ya virusi vya BK ni ukimya wake. Malaria huleta homa, na jipu huleta maumivu. Figo inayoliwa na virusi hivi kwa kawaida haiumi. Mgonjwa hana homa, anakula ndizi zake vizuri, anakojoa kama kawaida. Kinachobadilika ni namba moja katika karatasi ya maabara, nayo ni kreatinini.

Kreatinini ni takataka ya damu ambayo figo nzima huitoa kwa njia ya mkojo. Figo ikichoka, takataka hiyo hubaki katika damu na namba hupanda. Kwa hiyo kila aliyepandikizwa figo aijue namba yake ya kawaida kama anavyolijua jina la babu yake. Aiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Akipima Rubya, Ndolage, Kagondo au Bukoba mjini na kuona imepanda kuliko kawaida yake, asingoje tarehe ya kliniki. Apige simu kliniki siku hiyo hiyo. Kupanda kwa namba kunaweza kuwa ni BK, kunaweza kuwa ni mwili kuikataa figo, kunaweza kuwa ni upungufu wa maji mwilini baada ya kuharisha. Matibabu ya hali hizi hayafanani kabisa, na mtu hawezi kuyabahatisha nyumbani.

VIPIMO VINAVYOHITAJIKA

Kwa kuwa ugonjwa haupigi hodi, wataalamu wa upandikizaji wanashauri utafutwe kabla haujafika. Vipimo vyenyewe ni hivi:

(i) Kipimo cha damu cha PCR. Hiki huhesabu virusi katika damu. Ni cha aina ile ile tuliyoisikia wakati wa Korona na Marburg, ila hiki hutafuta BK. Ushauri ni kupima kila mwezi mpaka mwezi wa 9 baada ya upandikizaji, kisha kila baada ya miezi 3 mpaka mwaka wa pili utimie, na wakati wowote kreatinini inapopanda bila sababu inayojulikana.

(ii) Kuangalia mkojo kwa hadubini. Mtaalamu hutafuta chembe zilizovimba na kubadilika sura kwa kuingiwa na virusi. Zisipoonekana, mashaka hupungua. Zikionekana, mgonjwa anahitaji kipimo cha damu.

(iii) Kutoa kipande kidogo cha figo kwa sindano maalumu, yaani biopsi. Hiki ndicho kinachoonyesha kama figo imeumia, na kama ni BK au ni mwili unaoikataa. Hufanywa hospitali kubwa.

Vipimo hivi haviko katika zahanati zetu. Mara nyingine sampuli husafirishwa mbali, na gharama yake si ndogo. Ndiyo maana nasema: unapotoka hospitali baada ya upandikizaji, uliza kabla hujapanda gari, "Kipimo changu cha BK ni lini, kinafanyikia wapi, na nani atanipigia simu majibu yakitoka?" Maswali hayo matatu yaandikwe. Familia inayochangishana nauli ya kwenda kliniki ichangishane na ya kipimo. Gharama ya kurudi kwenye mashine mara tatu kwa wiki, mbali na nyumbani, ni kubwa kuliko hiyo.

Kuna jambo jingine dogo linaloharibu safari nzima. Kipimo cha kiwango cha takrolimasi katika damu huchukuliwa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Mtu hutoka Muleba, akasafiri mpaka Bugando kule Mwanza, akalala huko, kisha asubuhi akameza dawa kabla ya kutolewa damu. Namba itakayotoka haitamsaidia daktari. Siku ya kipimo beba dozi yako ya asubuhi mfukoni, toa damu kwanza, kisha umeze.

MATIBABU: KUPUNGUZA, SI KUACHA

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, nakuomba msomaji upasome kwa utulivu.

Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitika kuviua virusi vya BK. Iko dawa ya kutibu virusi vingine vinavyowasumbua waliopandikizwa, viitwavyo saitomegalo, lakini hiyo haitegemewi kwa BK. Wataalamu walijaribu dawa ya levofloksasini, wakidhani itazuia, na utafiti uliotangazwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba haikuzuia. Zipo nyingine zinazotumika mara moja moja na mabingwa, lakini ushahidi wake ni dhaifu.

Tiba inayotegemewa ni kuwaamsha kidogo askari waliotulizwa. Daktari hupunguza dozi za dawa za kushusha kinga hatua kwa hatua. Kwa kawaida huanza pale virusi katika damu vinapozidi nakala 1,000 kwa mililita katika vipimo vya kufuatana ndani ya wiki 2 hadi 3, au vinapopita nakala 10,000. Baadhi ya madaktari hupunguza mikofenoleti kwanza, wengine takrolimasi. Kisha hupima tena kila baada ya wiki 2 hadi 4, virusi na kreatinini kwa pamoja. Kinga inapoinuka kiasi, mwili wenyewe huvirudisha virusi usingizini. Hilo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Panahitajika subira.

Sasa angalia kosa la kijana wetu. Alisikia kwamba daktari hupunguza dawa, akadhani kuziacha zote ni bora zaidi. Huu ni mfano wa mtu aliyeambiwa apunguze chumvi katika mchuzi, naye akamwaga mchuzi wote. Anayeacha dawa huwaamsha askari wote kwa mara moja, nao hawatabagua. Watavipiga virusi na wataipiga na figo. Mtu anaweza kuponea BK akaipoteza figo kwa kukataliwa na mwili.

Kwa hiyo kanuni ni moja: dozi hupunguzwa na aliyeiandika. Ukiishiwa dawa, ukikosa nauli, ukisikia maneno ya watu, mpigie aliyeiandika.

DAWA NYINGINE ZINAZOVURUGA MIZANI

Hali kadhalika, mizani inaweza kuvurugwa bila mtu kugusa dozi yake. Dawa za erithromaisini na klarithromaisini, na dawa ya fangasi ya flukonazo, huipandisha takrolimasi katika damu. Tunda la balungi nalo hufanya hivyo. Kiwango kikipanda, kinga hushuka mno, na BK hupata nafasi. Rifampisini ya kifua kikuu, kinyume chake, hushusha takrolimasi, na figo ikawa hatarini kukataliwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huiumiza figo moja kwa moja. Basi mgonjwa anapofika dukani au zahanati yoyote, sentensi yake ya kwanza iwe: "Mimi nimepandikizwa figo." Kabla ya kutaja homa, kabla ya kutaja jino.

Kuhusu dawa za asili, nazungumza nikiwa mtoto wa madrasa. Sipingi habbat sauda wala asali, na najua nafasi yake katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.). Lakini Mtume (s.a.w.) alitufundisha pia kutafuta tiba na kuwaendea wenye ujuzi. Mafuta ya habbat sauda kwa vijiko, unga wa mchanganyiko usioandikwa kilichomo, maji ya mubirizi au mwarobaini kwa kikombe kila asubuhi, vyote hivi vinaweza kugongana na dawa za figo. Na zipo dawa zinazosifiwa kwamba "zinapandisha kinga". Kwa huyu mgonjwa wetu sifa hiyo ni hatari, kwani kinga ndiyo inayoweza kuiua figo yake. Usitumie kitu ambacho daktari wako wa figo hakijui.

TOHARA, SWAUMU NA HIJA

Wapo waliouliza: kama virusi vimo katika mkojo, je, tohara yangu imeharibika? Hapana. Mkojo ni najisi kwa mtu mzima wa afya na kwa mgonjwa, na kuwemo virusi hakuzidishi hukumu. Staniji vizuri kwa maji safi, tia udhu, uswali. Mwenye mkojo usiozuilika amwendee sheikh wake, kwani zipo taratibu za kumsahilishia.

Kuhusu swaumu, Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimempa mgonjwa ruhusa ya kula. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Hapa kwetu karibu na Ikweta, kutoka alfajiri mpaka magharibi ni zaidi ya saa 13 mwaka mzima. Hesabu hiyo haikai, na tena figo moja inakaa bila maji kutwa nzima. Wapo ambao figo zao zimetulia kwa muda mrefu na madaktari wao wakawaruhusu kufunga kwa mpangilio maalumu. Lakini anayetibiwa BK, ambaye dozi zake zinabadilishwa na damu yake inapimwa kila baada ya wiki chache, asifunge. Ruhusa ya Mola wake aipokee kwa shukrani, na kuhusu kulipa au kutoa fidia amwulize sheikh. Tusimkodolee macho mgonjwa anayekunywa maji mchana wa Ramadhani.

Anayekusudia Hija au Umra aanze kwa daktari wake. Baadhi ya chanjo, mfano ya homa ya manjano, zina virusi hai vilivyodhoofishwa, nazo hazimfai mwenye kinga iliyoshushwa.

USAFI WA NYUMBANI

Nisimdanganye msomaji kwamba kunawa mikono kutazuia BK. Virusi hivyo viko ndani tangu utotoni. Usafi una kazi nyingine: kumlinda mgonjwa na maradhi mengine ambayo yataharibu mizani. Maji ya kunywa yachemshwe. Maziwa yachemshwe, na senene wapikwe vizuri na kuliwa wangali wapya. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Mgonjwa asiingie kwenye maji ya kando ya ziwa penye matete, kwani huko kuna kichocho. Alale ndani ya chandarua. Mwenye kikohozi cha wiki mbili katika nyumba hiyo apelekwe kupimwa kifua kikuu. Kuharisha kwa siku moja tu kunatosha kumpeleka hospitali, kwa sababu maji yakipungua mwilini figo huumia na kiwango cha dawa hubadilika.

JIBU LA MAMA

Sasa nirudi kwa mama aliyenisubiri nje ya msikiti. Ni kweli, na sikumficha, kwamba virusi vya BK mara nyingi huwa vimo ndani ya figo inayotolewa. Lakini vimo katika figo za karibu watu wote. Kama angetoa baba, vingekuwamo. Kama angetoa kaka, vingekuwamo. Vingeweza pia kuwa vya kijana mwenyewe. Hakuna figo aliyoichagua mama kwa ubaya, na bila figo ile mwanawe angekuwa bado kwenye mashine, au kaburini.

Na kuhusu maneno ya jirani, suala hili wanazuoni walikwisha kulijadili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililoko Jeddah, katika kikao chake cha Februari 1988, lilipitisha kwamba kupandikiza kiungo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kunajuzu kwa masharti yake: mtoaji asidhurike katika uhai wake, aridhie mwenyewe, na kiungo kisiuzwe. Mama alitoa kwa ridhaa na bila malipo.

Nikamwambia na jambo lake mwenyewe, kwani hakuna aliyekuwa analiuliza. Yeye naye sasa ana figo moja. Kila mwaka apime shinikizo la damu, mkojo na kreatinini, na aepuke dawa za maumivu za kununua ovyo. Akaniambia tangu arudi nyumbani hajapimwa hata mara moja. Akapimwa wiki ile, na alhamdulillahi alikuwa salama.

Kijana tulimpigia simu kliniki yake siku ile ile ya Ijumaa. Waliagiza aendelee na dawa kwa dozi waliyoitaja wao, kisha asafiri. Alipopimwa ilithibitika ni BK, na dozi zikapunguzwa. Baada ya miezi mitano virusi havikuonekana tena katika damu. Figo haikurudi kama mwanzo, kreatinini yake imetulia juu kidogo ya ile ya zamani, na atapimwa muda wote. Lakini anashona. Mkewe alirudi baada ya kuelezwa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, haya niliyoyaandika hapa.

Ndugu wasomaji, kama katika jamaa zenu yupo aliyepandikizwa figo, msomeeni makala haya. Muulizeni kipimo chake cha mwisho cha BK kilikuwa lini. Kama hajui, hilo liwe jambo la kwanza la kushughulikia wiki hii.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wote waliotoa katika miili yao kwa ajili ya ndugu zao. Wabillahi tawfiq.